Picha ya Mtu wa Msituni

Kila zama ina ngano zake, na aghalabu ngano hizo zina mtu wa msituni. Bibi zetu walipotusimulia hadithi kando ya moto walimweka zimwi msituni. Wasafiri wa Ulaya walipoandika habari za safari zao walimweka mshenzi humo humo. Na leo vijana wetu wanapokaa mbele ya kioo cha kompyuta hukutana na mtu yule yule, amevaa ngozi, ana mifupa kichwani na ghadhabu machoni. Chombo cha kusimulia kimebadilika, lakini mkaazi wa msitu hakubadilika sana. Napenda kuzungumza nanyi, wasomaji vijana, juu ya mtu huyo, maana mimi nakaa karibu na msitu wake wa kweli.

Timboroa ni mji mdogo ulio juu ya barabara iendayo Eldoret kutoka Nakuru. Reli iliyojengwa katika miaka ya 1920 kuelekea Uganda hupanda hapa mpaka zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mgeni akiambiwa kuwa Ikweta i karibu hucheka, kwa kuwa jioni ukungu huteremka mpaka mlangoni, na watu hutembea wamejifunika makoti mazito kama waliohamia kutoka nchi za theluji. Kuna viazi, kuna kondoo, kuna magogo ya misonobari na misaiprasi iliyopandwa kwa safu kama askari wa gwaride. Ng'ambo ya miti hiyo ya kupandwa kuna misitu ya asili, ambayo hutambaa kuelekea Tinderet na Mau. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo katika likizo ya Agosti, kijana hana pa kwenda ila jikoni au kwenye kompyuta.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, huja kukaa nami wakati wa likizo, na huja na kompyuta kuukuu aliyopewa na kaka yake. Wazee wenzangu husema kuwa michezo ya video ni upotevu wa wakati. Huenda ikawa, lakini nimesoma vitabu kadhaa vilivyopoteza wakati wangu zaidi, tena bila kunichekesha. Kwa hiyo nilivuta kiti nikakaa kando yake jioni nyingi, naye akanieleza kila jambo kwa subira ya mwalimu: "Mjomba, huyu ni rafiki. Mjomba, yule ni adui, mtu hamkaribii."

Mchezo aliokuwa akicheza unaitwa Skyrim. Ulitolewa mwaka 2011 na kampuni ya Bethesda ya Marekani, na mamilioni ya watu duniani wameucheza. Ni nchi nzima ya kubuni: ina milima, theluji, majoka yarukayo, miji, na hata vitabu ambavyo mchezaji aweza kuvifungua na kuvisoma. Magharibi ya nchi hiyo kuna milima iitwayo Reach, na katika milima hiyo wanakaa watu wanaodai kwamba ardhi ile ilikuwa yao kabla ya kuja Wanord, taifa lenye nguvu. Waliwahi kuutwaa mji wa Markarth wakautawala kwa muda mfupi. Kisha wakapigwa, wakafukuzwa. Mfalme wao, Madanach, amefungwa katika mgodi ambamo wafungwa huchimba madini ya fedha, na faida yake huiendea jamaa moja ya matajiri wa Kinord. Ndani ya mchezo mna kitabu kinacholaani ukatili waliotendewa watu wa Reach siku mji ulipochukuliwa tena. Nilipokisoma nilishangaa. Waandishi wa mchezo huu, nilijiambia, wanajua dhuluma ni kitu gani.

Lakini mpwa wangu alipotoka mjini akaenda milimani, mambo yalikuwa mengine. Kila mtu wa Reach aliyemwona alimrukia kwa shoka au kwa mshale. Hapakuwa na salamu, hapakuwa na swali, hapakuwa na biashara. Wamevaa manyoya na pembe; wanawatii wachawi wa kike ambao nusu yao ni ndege; na baadhi ya mashujaa wao wameng'olewa mioyo, wakawekewa tunda la mbigili kifuani. Hata mchezaji akimsaidia Madanach kutoroka gerezani, ni kundi moja tu la wafuasi wake litakalomwacha apite kwa amani; waliobaki milimani watamshambulia kama jana. Kitabu kinasema kuwa watu hawa wameonewa, lakini mkono wa mchezaji, akutanapo nao, hauna cha kuwapa ila upanga.

Sababu moja ya jambo hili ni ya kifundi, nayo si siri. Mchezo wa namna hii unahitaji maadui wengi wa kupigwa. Fundi huandika amri moja kwamba kundi fulani ni adui wa mchezaji. Basi kila mmoja wa kundi hilo, anapozaliwa katika kompyuta, huzaliwa na silaha mkononi. Kumtengeneza bibi kizee anayepika, mtoto anayedeka, au mzee anayedai deni la mbuzi ni kazi ndefu, tena haiongezi vita. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa zaidi mijini, kwa walioshinda, na watu wa milimani huachiwa hasira peke yake.

Kampuni nyingine, BioWare ya Edmonton, Kanada, ilitoa mwaka 2009 mchezo uitwao Dragon Age: Origins, nayo ilijitahidi zaidi. Humo wamo Waelvu, watu wa kubuni wenye masikio yaliyochongoka, ambao zamani walikuwa na dola yao, kisha wakashindwa na kufanywa watumwa. Wengine wanakaa mijini katika mtaa uliozungushiwa ukuta, wakiwatumikia wanadamu. Wengine huhamahama msituni, wamejichora alama usoni, wakijaribu kuokota vipande vya lugha na dini ya mababu. Mchezaji aweza kuchagua kuwa mmoja wao, akaanzia maisha ndani ya ukuta ule, akaona arusi yake ikivunjwa na mwana wa bwana mkubwa. Hapo nilisogeza kiti karibu zaidi. Walakini katika mchezo mwingine wa mfululizo huo, uliotolewa mwaka 2014, inafunuliwa kwamba zile alama za usoni, ambazo watu wa msituni huzichora kwa heshima ya miungu yao, zilikuwa alama za watumwa katika siku za kale, na kwamba mengi wanayoyakumbuka wameyakumbuka visivyo. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Watu walionyang'anywa nchi, mji na lugha waliachiwa kumbukumbu tu. Kisha msimulizi anawanyang'anya nayo hiyo, ili hadithi yake ipate mshangao.

Mafundi wa Poland, nchi ambayo iliwahi kufutwa katika ramani ya Ulaya kwa miaka zaidi ya 100, walitoa mwaka 2007 mchezo wa The Witcher, uliotokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski. Katika mchezo huo Waelvu wapiganao msituni wana haki na wana makosa kama watu wengine, na mchezaji hulazimika kuchagua upande, au kukaa katikati na kulaumiwa na wote. Hao nawasifu, ijapokuwa mchezo wao haukutengenezwa kwa watoto.

Jioni moja alikuja mwanafunzi mwenziwe mpwa wangu, kijana wa Kiogiek ambaye jamaa zake waliondolewa msituni kabla yeye hajazaliwa. Babu yake huuza asali kando ya barabara. Alitazama mchezo kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Kambi moja ya watu wa Reach ilikuwa imekwisha kuteketezwa, na mpwa wangu alikuwa akipita juu ya maiti kutafuta fedha mifukoni mwao. Mgeni wetu akauliza, kwa sauti ya kawaida tu:

"Watoto wao wako wapi?"

Mpwa wangu akasema hawana watoto. Mwenziwe akasema haiwezekani. Basi tukatafuta. Tulizunguka kambi baada ya kambi. Tulikuta matandiko ya manyoya, nyama iliyoning'inizwa, vichwa vya mbuzi juu ya vijiti, wala hatukukuta mtoto hata mmoja. Katika mji wa Wanord watoto wapo, wanafukuzana sokoni na kuwachokoza wapita njia. Milimani hakuna anayezaliwa. Watu wale wametokea tu, wazima na wenye silaha, kama uyoga baada ya mvua.

Napenda mjue kwa nini swali hili liliulizwa na kijana yule, wala si na mimi niliyekwisha kukaa mbele ya kioo kile jioni nyingi. Waogiek ni watu wa misitu ya Mau, Tinderet na Mlima Elgon. Lugha yao ni ya jamii ya Kikalenjin, na kazi yao ya jadi ni kuwinda na kurina asali. Vitabu vya zamani havikuwaita kwa jina lao. Viliwaita Wandorobo, neno litokalo katika Kimaasai, na maana yake ni maskini, watu wasio na ng'ombe. Angalieni jina hilo lilivyoundwa: halisemi watu hawa wana nini, lasema hawana nini. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Sir Morris Carter, na ripoti yake, iliyochapishwa mwaka 1934, ilishauri kwamba Wandorobo wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine, wachanganyike nayo. Asiyekuwa na zizi wala shamba alihesabiwa kuwa hana nchi.

Na ukweli ni kwamba nchi walikuwa nayo, tena kwa sheria. Wataalamu waliokaa nao wameeleza kuwa kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, uliopanda kutoka sehemu za chini mpaka sehemu za juu, ukipita katika miti ya namna mbalimbali. Sababu yake ni nyuki. Maua hayachanui wakati mmoja bondeni na mlimani. Nyuki huyafuata maua, na mrina asali huwafuata nyuki, akipanda na kushuka mwaka mzima ndani ya ukanda wa ukoo wake. Mzinga huchongwa katika gogo la mtarakwa, kwa kuwa mti huo hauozi upesi, kisha hupandishwa juu ya mti mrefu na kufungwa kati ya matawi. Asali ililiwa; iliwekwa akiba; ilichanganywa na maji ikawa kinywaji cha arusi na cha mapatano; ilibadilishwa kwa majirani wenye mifugo na nafaka. Mgeni aliyepita msituni aliona miti tu. Hakuona mipaka, wala urithi, wala mashauri ya wizi wa asali, ambayo nadhani yalikuwa marefu na yenye makelele kama mashauri yetu ya ng'ombe.

Mnamo Oktoba 2009 Waogiek wa Mau, pamoja na wakaazi wengine, walipewa ilani ya siku 30 watoke msituni. Shauri lao lilifika mwaka 2012 mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, Tanzania, na hukumu ikatolewa tarehe 26 Mei 2017. Katika shauri hilo upande wa serikali ya Kenya ulidai, pamoja na mengine, kwamba Waogiek wamebadilika: hawaishi tena kama walivyoishi zamani, wameyafuata maisha ya kisasa, na kwa hiyo hawana la kuwapambanua na watu wengine.

Niliposoma hoja hiyo nilimkumbuka mtu wa Reach mwenye pembe kichwani. Yeye habadiliki. Amevaa manyoya siku mchezo ulipoanza, na atayavaa mpaka umeme ukatike. Aliyezoea picha hiyo tangu utoto, akikutana na Mwogiek aliyevaa koti la mtumba, ana bati juu ya nyumba na simu mfukoni, atatafuta pembe. Asipoziona atasema huyu siye. Na neno hilo dogo, huyu siye, likisemwa ofisini na mtu mwenye mhuri, huchukua ekari nyingi. Hakuna amwambiaye Mwingereza kwamba amepoteza haki ya London kwa kuwa havai tena ngozi za mababu zake.

Majaji waliikataa hoja ile. Walisema kwamba kusimama mahali pamoja bila kubadilika si sharti la utamaduni wa watu. Hawakukubali pia kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu wa Mau. Wakaona kuwa haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo zimevunjwa. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, na ardhi ya mababu ipimwe na kuandikwa kwa hati ya pamoja. Mnamo Novemba 2023, hata mwaka mmoja na nusu haujatimia, nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa tena huko Sasimwani, katika kaunti ya Narok.

Sisemi kwamba mafundi wa Maryland, waliouchora mlima wa Reach, wamebomoa nyumba ya mtu. Yamkini jina la Sasimwani halijawafikia. Wao wenyewe walirithi picha ile katika vitabu vya babu zao, wakaitia rangi nzuri zaidi, na huruma kidogo juu yake. Lakini karani wa ardhi, askari, wakili na mbunge, wote waliwahi kuwa watoto, na wote walisimuliwa ngano. Wanaocheza leo ndio watakaokaa katika viti hivyo kesho kutwa.

Iko michezo iliyotengenezwa kwa njia nyingine. Mwaka 2014 wenyeji wa Alaska, kwa njia ya baraza lao la Cook Inlet, walishirikiana na mafundi kutoa mchezo uitwao Never Alone, wa msichana na mbweha mweupe katika dhoruba ya theluji. Msimulizi wake anasema kwa lugha ya Wainupiati. Kadiri mchezaji aendeleavyo, hufunguliwa filamu fupi ambamo wenyeji wa Alaska, wazee na vijana, wamevaa nguo za leo, wanaeleza habari za barafu, za uwindaji na za hadithi walizozisikia utotoni. Jambo hilo la nguo lilinifurahisha kuliko theluji yote.

Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, mchezo uliozaliwa na msiba wa baba yake na ngano za Kibantu. Shujaa wake ni mganga kijana anayefanya mapatano na mungu wa mauti ili arudishiwe baba. Kompyuta kuukuu ya mpwa wangu haikuuweza mchezo huo, kwa hiyo tuliwatazama wengine wakiucheza, kwa simu yangu, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Wahusika waweza kusikika wakisema Kiswahili. Vijana wale wawili walicheka kwa furaha, kisha wakaanza kukosoa matamshi, kama Waswahili wote wafanyavyo. Nilichokipenda mimi ni kwamba Zau hangoji kuokolewa wala hangoji kuuawa. Ana msiba wake, na ana jambo la kufanya asubuhi.

Siku hizi hao wawili wanachora mchezo wao wenyewe, kwa penseli, katika daftari la hesabu. Nimeuona ukurasa wa kwanza. Mlima umegawanywa kwa mistari kutoka juu mpaka chini, kila ukanda na ukoo wake, na pembeni zimeandikwa namna za miti na miezi inayochanua. Anayechuma asali katika mzinga usio wake hupelekwa mbele ya wazee, hapigwi. Mpwa wangu alitaka lazima awepo joka. Amekubaliwa joka moja, tena dogo, kwa sharti kwamba lilipe faini likichoma mzinga. Bado wanabishana juu ya mwanzo. Yeye ataka mchezaji aanze akiwa mgeni aliyepotea njia katika ukungu wa Timboroa, kama ilivyo katika michezo mingine. Mwenziwe hataki. Asema mchezaji aanze akiwa na miaka sita, chini ya mti, amepewa kamba ashike, na juu huko haonekani mtu ila moshi kidogo na miguu ya babu yake.